Kipa wa benchi anaweza kuwa skauti? Jibu refu kwa mdogo wangu wa Mwanza

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, lilikuwa refu:

"Shikamoo kaka. Mi ni kipa, nina miaka 29, nimecheza Championship (ligi inayofuata chini ya Ligi Kuu) misimu sita ila mechi nilizoanza hazifiki 20, muda mwingi nilikuwa benchi. Goti limeanza kunisumbua na naona mwisho umefika. Nataka niingie kwenye uskauti, yaani kazi ya kuzitafutia klabu wachezaji. Rafiki yangu kanicheka, anasema mtu aliyekosa namba miaka yote hiyo nani atamsikiliza akisema fulani anajua mpira? Nimesikia Monchi wa Sevilla nae alikuwa kipa wa benchi, ni kweli au ni stori za kijiweni? Na kwa hapa kwetu mtu anaanzia wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na goti, na huyo rafiki yako msamehe, amesema kitu ambacho watu wengi wa mpira wanakiamini kimoyomoyo.

Nianze na Monchi, yule jamaa maarufu kwa kuwatafutia Sevilla wachezaji, maana hiyo sio stori ya kijiweni, ni kweli kabisa. Jina lake ni Ramón Rodríguez Verdejo, kazaliwa 1968 San Fernando, kule Cádiz kusini mwa Hispania, na miaka yake yote ya kucheza Sevilla alikuwa kipa ambaye mara nyingi kuna mtu mbele yake. Alipopanda timu kubwa mwaka 1990 pale langoni alikuwepo Rinat Dasaev, kipa wa Urusi ya zamani, mtu aliyekuwa anatajwa na makipa bora wa dunia miaka ya themanini, na hapohapo akaletwa Juan Carlos Unzué akakaa mpaka 1997. Sasa we fikiria, unafanya mazoezi kila siku, unapasha misuli kila Jumapili halafu unarudi kukaa na koti lako, na chumba hichohicho cha kubadilishia nguo msimu wa 1992/93 yumo Maradona, yumo Simeone, yumo Šuker. Kuna mtu angeona miaka hiyo imepotea. Mi naona alikuwa anasoma shule ambayo ada yake hakuna mtu angeweza kuilipa.

Maana kipa wa benchi anafanya nini dakika 90? Anaangalia. Kocha anaangalia ila kichwa chake kipo kwenye kubadilisha mtu na kwenye kelele za waandishi, winga wa akiba anaangalia ila anamwangalia winga mwenzake na kumwombea achoke, lakini kipa namba mbili anajua kabisa leo haingii labda mtu aumie au ale kadi nyekundu, kwahiyo anakaa anatazama mpira mzima bila presha, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Anajua beki gani akipigwa chenga mara moja anaogopa mechi nzima. Anajua nani mazoezini ni moto na siku ya mechi anapotea, na kinyume chake. Wewe misimu sita umeyaona hayo yote, ila hukuwa unayaandika, na hapo ndo tatizo lako lilipo, ntalirudia.

Monchi akaacha kucheza 1999 akiwa na miaka 30. Mwaka unaofuata, 2000, Sevilla wakashuka daraja wakiwa wa mwisho kabisa kwenye ligi, wana madeni, na hapo ndo wakampa kazi ya ukurugenzi wa michezo, yaani kusimamia usajili wa wachezaji. Usidhani ilikuwa heshima hiyo, ilikuwa ni kazi ambayo hakuna mtu mwenye jina angeikimbilia. Kikombe kikubwa cha mwisho kwa klabu ile kilikuwa cha 1948. Akaambiwa kwa lugha nyepesi tu, hela hakuna, tafuta wachezaji, na fufua timu za vijana.

Na hapa nataka usome taratibu, kwasababu watu wakisimulia Monchi wanaruka kwenye makombe. Makombe yapo, Sevilla wana vikombe 7 vya UEFA Cup na Europa League (2006, 2007, 2014, 2015, 2016, 2020, 2023) na vyote saba vimekuja yeye akiwa ofisini, ile miaka miwili aliyokuwa Roma hawakubeba hata kimoja. Ila kombe halikufundishi kazi. Kinachofundisha ni namna alivyokuwa anapanga watu wake.

Mwenyewe ameshaeleza mara nyingi kwenye mahojiano. Alikuwa na watu kama 16 wamegawana ligi. Miezi mitano ya mwanzo ya msimu wanaangalia mpira mwingi bila kumtafuta mtu yoyote, yaani hakuna kusema tunataka beki wa kushoto, hapana, wanaangalia tu na kukusanya. Kila mwezi kila mtu anatoa kikosi bora cha watu 11 cha ligi yake. Ikifika Desemba wanaangalia majina gani yamejirudia, na hao sasa ndo wanafatwa kwa karibu, nyumbani, ugenini, na timu ya taifa, ili waonekane kwenye mazingira tofauti. Kocha akija mwishoni akasema nahitaji kiungo mkabaji wa aina hii na hii, orodha ipo mezani tayari, imeandikwa kabla hata hitaji halijajulikana.

Umeona utofauti na sisi? Sisi dirisha la usajili likifunguliwa ndo tunaanza kupigiana simu. "Una straika?" "Ninae, yupo Kongo, anafunga balaa." Video ya dakika tatu inatumwa WhatsApp, imewekewa muziki, na mtu anakata tiketi ya ndege. Mara nyingine inakubali kwakweli. Yanga walivyomchukua Fiston Mayele kutoka AS Vita 2021 walipata mtu hasa, akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na ufungaji bora wa mashindano ni wake, halafu akaenda Pyramids. Simba na Luis Miquissone kutoka Msumbiji, akauzwa Al Ahly. Kwahiyo macho yapo hapa kwetu, usije ukadharau. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua macho yamefanya kazi au bahati imefanya kazi kama hakuna karatasi iliyoandikwa kabla.

Chukua Dani Alves. Januari 2003 Sevilla wanamleta kutoka Bahia, dogo wa miaka 19, beki wa kulia mwembamba, hela iliyotumika haikufika hata euro milioni moja. Desemba mwaka huohuo Brazil wanabeba Kombe la Dunia la U20 kule Falme za Kiarabu na Alves anachaguliwa miongoni mwa wachezaji watatu bora wa mashindano. Ukimtaka siku hiyo unakuta foleni. Wao walikuwa nae miezi 11 tayari, analala Sevilla, anajifunza Kihispania. 2008 Barcelona wanatoa zaidi ya milioni 30 kumchukua. Watu wanasema Monchi aliona kipaji. Kipaji cha Alves pale Bahia kila mtu aliyeenda uwanjani alikiona bana, kelele zile na mbio zile huwezi kuzikosa. Alichokiona mapema ni bei, yaani kwamba hii bei ina miezi michache ya kuishi.

Ila mimi nikitaka kumwelewa Monchi siangalii Alves, naangalia makipa. Hapa ndo roho yake inaonekana, na wewe kama kipa utanielewa haraka kuliko wengine.

2005 anahitaji kipa. Anamchukua nani? Andrés Palop, miaka 31, ametokea Valencia ambako alikuwa benchi nyuma ya Santiago Cañizares miaka yote ile Valencia wanachukua ubingwa 2002 na 2004. Miaka 31, kipa wa benchi! Ukimpelekea mwenyekiti wa klabu yoyote hapa jina kama hilo anakufukuza. Lakini mtu ambaye mwenyewe alikaa nyuma ya Dasaev na Unzué anajua kitu kimoja, kwamba kuna makipa wapo benchi kwasababu hawawezi na kuna makipa wapo benchi kwasababu aliye mbele yao ni Cañizares, na hao wawili ukiwaangalia kwa mbali wanafanana, wamevaa koti lilelile.

Machi 2007, UEFA Cup, 16 bora, Sevilla wapo Donetsk kwa Shakhtar, wanatolewa, dakika za nyongeza zimeisha karibu, kona inapigwa. Palop anakimbia uwanja mzima kutoka golini kwake, anaruka, anapiga kichwa, goli. Mechi inaenda dakika 30 za ziada na Sevilla wanapita. Mwezi Mei fainali Glasgow dhidi ya Espanyol, penati, Palop anadaka tatu. Ukitaka kujua benchi linaweka nini ndani ya mtu, iangalie ile mbio yake ya Donetsk, ipo mitandaoni. Mtu aliyeanza kila mechi maisha yake yote pengine angebaki golini akisubiri mwamuzi apulize. Hayo ni mawazo yangu, siwezi kukuthibitishia, ila kila nikiiangalia naona hivyohivyo.

2014 fainali Turin na Benfica, penati tena, Beto anadaka mbili, huyo nae alikuja dirisha la Januari 2013 kutoka Braga na hakuwa jina la kutisha mtu. Halafu Bono. Yassine Bounou anakuja kwa mkopo 2019 kutoka Girona ambao walikuwa ndo kwanza wameshuka daraja, anakaa nyuma ya Tomáš Vaclík, anapewa mechi za Ulaya. Vaclík anaumia, Bono anaingia, Agosti 2020 anadaka penati ya Raúl Jiménez wa Wolves kwenye robo fainali, nusu fainali anawanyima Manchester United nafasi nyingi za wazi, kombe linabebwa Cologne kwa kuwafunga Inter 3-2. Msimu wa 2021/22 anachukua tuzo ya kipa bora wa La Liga, Desemba 2022 yupo nusu fainali ya Kombe la Dunia na Morocco, na 2023 fainali na Roma penati anafanya yake tena. Makipa watatu, hakuna hata mmoja aliyefika pale akiwa namba moja wa timu kubwa.

Kwahiyo ukikutana tena na rafiki yako mwambie benchi ni CV, kama unajua kuisoma.

Ila nisikudanganye pia. Monchi nae alikosea, na alikosea kwa hela nyingi. 2007 Sevilla walitoa kama milioni 12 kwa Arouna Koné kutoka PSV, straika wa Ivory Coast, mabao ya PSV yakabaki PSV, na majeraha yakamalizia kazi. Halafu 2017 akaenda Roma, na pale watu wa Roma mpaka leo ukiwatajia jina lake wanakunja sura. Msimu wa kwanza walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, sawa, na Zaniolo alipatikana kipindi chake, lakini kabla ya hapo Salah alishauzwa Liverpool, mwaka uliofuata Alisson nae kaenda hukohuko, na hela zilizotumika kwa Patrik Schick, Pastore na Nzonzi hazikurudisha kitu cha maana. Machi 2019 akaondoka. Mtu yuleyule, macho yaleyale.

Hilo nimelifikiria sana. Naona Sevilla alikuwa anajua kila kitu, anajua mashabiki, anajua presha ya uwanja wa Sánchez Pizjuán, anajua mchezaji wa aina gani atavumiliwa miezi sita mpaka azoee. Roma alikuwa mgeni na hakupewa muda wa kujifunza. Skauti hachagui mchezaji mzuri, anachagua mchezaji mzuri kwa timu fulani, chini ya kocha fulani, kwa hela fulani, na ukihamisha kimoja tu kati ya hivyo jibu linabadilika. 2019 karudi Sevilla, akabeba mengine mawili, halafu Juni 2023 akaenda Aston Villa kufanya kazi na Unai Emery ambaye walishabeba nae makombe matatu, na pale kaondoka Septemba 2025.

Na asije mtu akakwambia Monchi ni wa peke yake. Newcastle walikuwa na mzee Graham Carr, alicheza Northampton miaka ya sitini ile timu ilipopanda mpaka daraja la juu kabisa Uingereza kwa msimu mmoja tu na kushuka, sio jina ambalo mtu analikumbuka kama mchezaji. Uzeeni ndo akawa skauti mkuu, kazi yake kusafiri Ufaransa na Uholanzi kukaa kwenye baridi, na humo akatoka na Cheick Tioté kutoka Twente, Cabaye kutoka Lille, na Newcastle wakamaliza wa tano 2011/12. Mwajiri wake akampa mkataba wa miaka nane, kwa skauti! Gilles Grimandi nae alikuwa Arsenal ya Wenger, mtu wa kuziba pengo popote, beki leo, kiungo kesho, baadae akawa jicho lao Ufaransa kwa miaka mingi. Ukiwaangalia hawa wote unaona kitu, hamna staa hata mmoja. Staa anasumbuliwa na ustaa wake, anamtazama dogo na kusema mimi nilikuwa nafanya hivi, mbona huyu hawezi.

Sasa tuje kwako na Mwanza yako.

Nikusimulie kwanza aibu yangu. Miaka ya nyuma klabu moja ilinituma niangalie ndondo mahali, kulikuwa na straika anasemwa sana. Nikaenda, nikakaa nyuma ya goli kwenye kivuli cha mwembe, yule dogo akafunga matatu, uwanja ukachanganyikiwa, na mimi nikachanganyikiwa nao. Nikaandika ukurasa mzima wa sifa. Dogo akaitwa majaribio, kocha akanikalisha chini akaniuliza: mguu wa kushoto ukoje? Sijui. Timu yake ikipoteza mpira anafanya nini? Sijui. Amezaliwa lini? Sijui, anaonekana 20 hivi. Na kipa aliyefungwa matatu alikuwa nani? Hapo ndo nikakumbuka, kipa wao hakutokea siku ile, waliyemweka golini alikuwa beki kaazima glavu, glavu zenyewe kubwa zinamvuka. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu, nikacheka kabisa na watu, halafu sikuliandika. Dogo akarudi kwao baada ya siku nne. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu, nilimpeleka mtu mbele ya watu bila kumjua.

Tangu siku ile kuna vitu sifanyi. Sikai nyuma ya goli, natafuta sehemu ya juu karibu na mstari wa kati, hata kama ni juu ya tofali. Nafika kabla ya kupasha, kwasababu kupasha kunakwambia mambo mengi kuliko unavyodhani, nani anapiga krosi za kweli na nani anapiga stori, nani kavaa bandeji akiwa amejificha. Siondoki kabla ya filimbi ya mwisho. Na kila baada ya muda natoa macho kwenye mpira kabisa, namtazama mtu wangu peke yake dakika tano, mpira uende uendako, watu wakishangilia nisigeuke. Hiyo ni ngumu jamani, jaribu utaona, shingo inageuka yenyewe. Lakini mchezaji anagusa mpira dakika chache sana kwenye mechi nzima, zile nyingine zote anafanya nini? Anajipanga? Anaongea? Anageuza kichwa kuangalia nyuma kabla pasi haijamfikia? Huyo anayegeuza kichwa mara kwa mara weka alama, hata kama siku hiyo amecheza vibaya.

Mchezaji mmoja muone zaidi ya mara moja, na moja ya hizo iwe siku timu yake inafungwa, ugenini, uwanja mbovu. Siku ya kushinda 4-0 kila mtu ana tabia nzuri.

Faida yako wewe ni kwamba umeangalia mpira kutoka nyuma maisha yako yote. Mabeki unawajua kwa migongo yao. Unajua beki gani anakusikia ukimwita na gani anajifanya kiziwi, unajua nani anaogopa mpira wa juu kabla hata haujapigwa kwasababu umeona mabega yake yanavyopanda. Mtu aliyekuwa straika hana hayo. Kwahiyo anza na makipa na mabeki, jenga jina hapo kwanza, usijifanye unajua namba kumi zote za Afrika Mashariki. Klabu nyingi hapa kwetu zina watu kumi wa kuwaambia habari za washambuliaji na hazina hata mmoja anayeweza kuwaambia kwa uhakika kipa wa kumnunua.

Kuandika sasa. Nunua daftari, la kawaida tu. Kila mtu unayemuona andika tarehe, uwanja, mpinzani, hali ya uwanja, nafasi aliyocheza, mguu, urefu kwa kukadiria, mwaka wa kuzaliwa ukiweza kuupata, halafu alichofanya, sio ulivyojisikia. Usiandike "ana kipaji kikubwa sana," hiyo haimsaidii mtu. Andika "dakika ya 34 alipokea akiwa na mgongo golini, akageuka upande wa kulia, alipigwa kikumbo hakuanguka." Mwisho weka uamuzi wako kwa neno moja, mchukue, mfatilie, au achana nae. Watu wengi wanashindwa hapo, wanaogopa kuandika achana nae kisha dogo aje kuwa staa. Utakosea tu, kila mtu anakosea, kilichoandikwa kinakuonyesha unakosea wapi. Mimi nimegundua huwa napendelea sana wachezaji warefu, nisingejua bila daftari.

Video zisome pia ila baada ya kuona kwa macho ikiwezekana. Wyscout ipo, ule mtandao wa video za mechi na wachezaji, ni ya hela na inauma, klabu kubwa ndo zinalipia, wewe mwanzoni hauihitaji. Mechi za Ligi Kuu ya NBC zinaonyeshwa Azam, rekodi, rudia, simamisha. Na mechi za U20 usizidharau, zile watu hawaendi, utakuta upo wewe na wazazi wanne.

Kuna upande wa karatasi ambao ukiujua unakuwa wa maana kuliko skauti wengi wa hapa. Skauti sio wakala. Wakala anamwakilisha mchezaji au klabu kwenye mkataba na anakula asilimia, na tangu 2023 FIFA wamerudisha leseni ya mawakala ambayo unaipata kwa mtihani. Ukianza kudai asilimia za mikataba bila leseni unaingia pabaya. Wewe unalipwa na klabu kwa jicho lako, mwanzoni itakuwa nauli na posho ya chakula, na kuna siku hata hiyo utaisubiri.

Jua pia kwamba kumhamisha mtoto chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine kunakatazwa na FIFA isipokuwa kwa sababu chache walizozitaja wenyewe. Kwahiyo akija mtu mtanashati anasema ana timu Ulaya inataka vijana wa miaka 15, wazazi wachange hela ya majaribio na viza, huyo usimpe hata namba ya simu ya dogo mmoja. Nimeona familia zimeuza shamba. Na wewe mwenyewe usichukue hela ya mzazi hata siku moja, hata akikuletea kama zawadi, maana ukishaichukua ripoti yako sio ripoti tena.

Halafu kuna fidia ya malezi, hela ya klabu zilizomkuza mchezaji, na ule mgao wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa inagawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 mpaka 23. Samatta alivyotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, sheria hiyo ndo inawagusa waliomkuza kabla. Siku hizi hela hizo zinapitia kwenye mfumo wa FIFA wa malipo tangu mwishoni mwa 2022, lakini mfumo unasoma usajili, na klabu ndogo nyingi hapa hazina kumbukumbu ya nani alicheza kwao mwaka gani. Ukiwa skauti unayewasaidia viongozi wa vituo vya vijana kusajili watoto wao vizuri kuanzia miaka 12, watakupigia simu wewe wa kwanza wakipata dogo mkali. Hiyo ndo namna ya kupata habari kabla ya wengine, bila kuhonga mtu.

Na umri, usione aibu kuuliza. FIFA walianza kupima umri kwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009, cheti cha kuzaliwa pekee hakimshawishi mtu. Uliza darasa la saba alimaliza lini, waliosoma nae wapo wapi, ndugu anayemfuata ana miaka mingapi. Uliza kama mtu anayepiga stori, sio kama askari.

Kozi ya ukocha chukua, ya CAF, anza ile ya chini kabisa hata kama hutaki kufundisha. Itakupa lugha ya kuongea na kocha, maana kocha atakuuliza kwa lugha yake na ukijibu kwa lugha ya kijiweni mazungumzo yanaishia hapo.

Kuhusu kupata klabu ya kwanza, usiende ukiomba kazi. Nenda na ripoti 20 za makipa na mabeki wa mkoa wako na mikoa jirani, safi, zimechapwa, mpe kocha wa makipa wa timu yako ya zamani kabla ya dirisha dogo, mwambie hizi ni zako bure. Halafu nyamaza. Mwakani wakikutana na mmoja wao uwanjani watakumbuka karatasi.

Sasa kazi ya kwanza. Jumamosi hii nenda kaangalie mechi yoyote hapo Mwanza, ila usimwangalie kipa anayeanza. Mwangalie yule namba mbili, anavyopasha, anavyokaa, anapoinuka ni wakati gani, wenzie wakifungwa sura yake inakuwaje. Ukurasa mmoja, usizidishe, na mwisho niandikie neno moja kati ya yale matatu. Nitumie Jumatatu, hata usiku.